Kiapo cha Darasa la Sita

Kiapo tulikiandika siku ya Jumanne, baada ya masomo, kwenye meza ya maktaba ambayo haikuwa tena na vitabu. Nilikuwa mwalimu wa dini katika shule ya sekondari ya misheni, huko kwenye mji wa migodi wa Kolwezi, mama wa watoto waliokwisha kukua, na wanafunzi waliniita Madame. Maneno yalikuwa yangu: "Mbele ya Mungu na mbele ya wenzangu, sitavuta bangi, sitaonja lutuku, sitameza vidonge ambavyo daktari hakunipa, hadi nimalize shule." Lutuku ni pombe kali ya mahindi na mihogo, nyeupe kama maji, na harufu yake haitoki nguoni hata ukifua mara mbili. Nilipoisoma sentensi yangu kwa sauti nikaona ina uzito wa kanisani. Nilidhani uzito huo ndio tuliokuwa tumeukosa.

Ilikuwa miaka ile ambayo mishahara ya migodi ilikatika. Akina baba waliokuwa wakiamka kwa king'ora cha zamu waliendelea kuamka saa ileile, wakavaa, kisha wakakaa mlangoni. Na wakati uleule majirani zetu ambao babu zao walitoka mkoa wa Kasai waliambiwa kwamba hapa si kwao. Walikuwa wamezaliwa hapa na kubatizwa hapa, na wafu wao walizikwa hapa. Wakafunga mizigo, wakaenda kukaa kwenye kituo cha reli kungoja treni ambayo hakuna aliyejua siku yake. Siandiki haya ili nihukumu mtu. Namwachia Mungu, naye ana subira kuliko mimi. Nayaandika kwa sababu bila hayo mtu hawezi kuelewa jinsi lutuku ilivyofika hadi kwenye mifuko ya watoto wa shule.

Prefe, yaani mkuu wa shule, alitukusanya walimu akatuuliza tufanye nini. Mkuu wa nidhamu alitaka mifuko ipekuliwe kila asubuhi. Mwalimu wa kemia alitaka apewe saa moja kwa juma awaeleze watoto pombe inavyofanya kazi ndani ya mwili, nao waulize wanachotaka. Mimi nikapendekeza kiapo. Pendekezo langu lilishinda, na sasa najua kwa nini: nilikuwa mkubwa kwa umri, na katika shule ya misheni hakuna anayethubutu kupinga jambo linaloanza kwa sala. Prefe akaongeza sharti lake mwenyewe. Mwanafunzi wa darasa la sita, yaani la mwisho, asiyeapa, jina lake halitaandikwa kwenye orodha ya mtihani wa Serikali. Nilisikia sharti hilo na nikanyamaza. Nilifikiri, nani atakataa?

Tuliapa katika kanisa dogo la shule. Niliwasha mshumaa, nikatandika kitambaa cheupe, nikafungua Injili. Kila mmoja aliweka mkono juu ya kitabu, akasema maneno, akatia sahihi kwenye kadi. Wavulana wawili ambao macho yao yalikuwa mekundu tangu asubuhi waliapa kwa sauti nzuri kuliko wote. Halafu ikafika zamu ya msichana mmoja kutoka Musonoi, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, mpole, wa kwanza darasani katika hesabu. Alisimama mbele yangu mikono ikiwa nyuma.

"Weka mukono, mwanangu," nikamwambia.

"Madame, nijue kwanza. Tunaapa kwa Mungu ao kwa prefe?"

"Kwa Mungu."

"Basi mi siwezi. Kwa prefe ningeweza."

Wenzake wakacheka, kisha wakaona kwamba yeye hacheki. Nikamwambia akae. Mkono wangu, nakumbuka, ulibaki juu ya Injili kama wangu ndio uliotakiwa kuapa.

Prefe hakukasirika. Alisema orodha itapelekwa kwa wakaguzi baada ya siku kumi, na mtoto ana siku hizo zote za kufikiri. Asipoapa, jina lake litaachwa. Sisi sote tulijua maana yake. Mwaka ungepotea, na mama yake asingeweza kumrudisha shule mwaka mwingine. Wakati ule karibu hakuna mama aliyeweza.

Katika chumba cha walimu maneno yalikuwa mengi.

"Uyo anakunwa," akasema mkuu wa nidhamu, yaani anakunywa. "Mutoto mwenye kuogopa kiapo, Madame, iko na kintu."

"Ao njo yeye tu anaamini," akajibu mwalimu wa kemia, maana yake ndiye peke yake anayeamini. "Bale bengine baliapa sawa bantu benye kusinya juu ya mukate." Kusinya ni kutia sahihi, na hao walitia kwa ajili ya mkate.

Nieleze kidogo habari za mwalimu huyu. Alizaliwa Musonoi, mtoto wa mfanyakazi wa mgodi aliyetoka Kasai, na siku zile mke wake na watoto wao walikuwa kituoni, chini ya turubai, pamoja na godoro na mashine ya kushona. Yeye alitoka kituoni kila asubuhi, shati limenyooka, akaja kufundisha. Nilimwuliza mara moja kwa nini anahangaika. Akasema kituoni hakuna kazi isipokuwa kutazama reli, na reli haibadiliki. Wanafunzi walimtania kwa upole, kama watu wanaoogopa kumpoteza.

"Prof, na treni ikikuya mu katikati ya leçon?"

"Mutamaliza équation benyewe."

"Na kama ile équation iko nguvu?"

"Basi mutapanda treni, mutakuya kuniuliza."

Maneno yake kuhusu mtoto yule hayakuniacha. Kwa miaka mingi niliuliza maswali ambayo majibu yake niliyajua, maana ndivyo katekisimu inavyofundishwa. Hili sikujua jibu lake. Siku ya Jumamosi, baada ya misa ya asubuhi, nikatoka mtaa wetu wa Manika nikaenda Musonoi kwa miguu, nikipita kando ya mashimo ya mgodi. Nilijiambia naenda kumwonya. Ukweli ni kwamba nilitaka sana kujua.

Mama yake aliponiona langoni alisimama mbele ya jiko la nyuma ya nyumba, akatandaza kitenge chake kama pazia.

"Madame, umekuya kutufunga?"

"Hapana, mama. Nimekuya kuuliza."

"Kuuliza nini?"

"Sijue bado."

Jibu hilo nadhani lilimshangaza, maana alisogea. Nyuma yake palikuwa na pipa la chuma juu ya moto, limezibwa kwa udongo, na bomba la shaba lililotoka juu yake, likapita ndani ya karai refu la maji baridi, likaishia juu ya chupa. Matone yalianguka moja moja. Nilikuwa nimehubiri dhidi ya lutuku kwa zaidi ya miaka ishirini, na sikuwahi kuona inavyozaliwa. Harufu ilikuwa kama ya mkate uliochacha. Nikauliza kwa nini maji ya karai lazima yawe baridi. Nikauliza udongo ule unatolewa wapi, na mahindi hulowekwa siku ngapi, na ni nani aliyemfundisha. Aliponijibu nikauliza mengine. Mwishowe mama yule akaanza kucheka.

"Madame, unatafuta kuanza yako?"

Nikacheka pamoja naye, nikaketi kwenye kiti cha mbao alichoniletea. Binti yake alikuwa akisafisha chupa karibu na ukuta. Mama akaniambia baba wa watoto amekwenda Kapanga, upande wa Musumba, kutafuta shamba. Mgodi haulipi, na yeye kule ana ndugu. Hapa nyumbani lutuku ndiyo inayopika ugali na ndiyo inayolipa shule. Halafu akagusa kitambaa cheupe kichwani mwake.

"Lakini mi sikunwi, Madame. Nilipoingia mu kanisa ya maombi, niliweka nadhiri. Ata tone moja haipite mu kinywa yangu. Mungu njo shahidi."

"Sasa unajuaje kama iko muzuri?"

Akageukia moto. Matone yaliendelea kuanguka ndani ya chupa. Msichana akainua kichwa.

"Ni mi, Madame. Mi njo naonja."

Mama akaeleza haraka, akitazama moto. Lazima ionjwe. Ile inayotoka mwanzo ni mbaya, inatupwa. Inayofuata ni nzuri. Ya mwisho ni kama maji. Ulimi ndio unaojua mipaka. Wateja wanakuja kwake kwa sababu hawaumwi macho na hawafi. Yeye alikuwa ameweka nadhiri, lakini mtoto hakuweka. Na mtoto anatema.

Sikumlaumu. Nilikuwa nimeketi pale nikiona jambo ambalo nilipaswa kuliona ndani ya kanisa langu mwenyewe. Mama huyu alimpa Mungu kinywa chake, akamwachia binti yake kikombe. Mimi nilitengeneza kiapo ambacho waongo walipita wakiimba, na mtoto anayemcha Mungu akabaki nje.

Msichana alinisindikiza hadi barabarani. Tulitembea mpaka nyumba yao ikafichwa na nyingine, ndipo aliposema.

"Madame, mbele nilikuwa natema yote. Sasa kuko siku sitemi."

"Juu ya nini?"

"Njaa. Inapasha tumbo moto. Na kisha mutu unakaa muzuri."

Nikamwuliza swali ambalo mwalimu wa dini haulizi. "Inakuwa namna gani, ile muzuri?"

Alinijibu kwa makini, kama anavyojibu ubaoni. "Ni sawa nyumba iko ku ngambo ingine ya barabara, na mi niko huku. Nasikia baba hayupo, lakini nasikia mbali." Kisha akasema, "Nikiapa leo, kesho asubui mama ananipa kikombe. Nifanye nini? Nimwambie mama Madame amekataza? Na shule italipwa na nani?"

Nilimshika bega tu, nikamshukuru kwa kuniambia. Nyumbani nilisali muda mrefu, na katika sala niligundua kwamba simwombi Mungu ambadilishe mtoto. Nilikuwa nikimwuliza Mungu habari za kikombe.

Jumatatu nilimsimulia mwalimu wa kemia, kwa ruhusa ya mtoto. Alinisikiliza hadi mwisho. Akachukua ufunguo, akanipeleka maabara, mahali ambapo vumbi lilikuwa limefunika mizani na chupa. Kutoka ndani ya kabati akatoa kifuko cha kadibodi, na ndani yake kijiti cha kioo chenye tumbo chini na namba nyembamba shingoni.

"Hii ni ya kupimia nguvu ya pombe," akasema. "Unaitia ndani, inaelea. Namba inakuambia. Ulimi hauna kazi tena."

Nilipoelewa anachotaka kufanya, nilirudi nyuma hatua moja. Shule ya misheni impe mpika lutuku kifaa? Nilimwambia kwamba tutakuwa tumebariki pipa lile.

"Madame, unataka mama aache kupika, ao unataka mutoto aache kuonja?"

"Yote mawili."

"Ile ya kwanza inangoja migodi ifunguke. Ile ya pili inatungoja sisi."

Akaongeza jambo ambalo lilinifanya nimwamini. Kioo hakionyeshi sumu, alisema, kinaonyesha nguvu tu. Kwa hiyo ile ya mwanzo lazima itupwe kwa kipimo, kikombe kizima kila mara, bila huruma, na hiyo atamwambia mama mwenyewe. Nikamtazama mtu huyu ambaye hakuwa na nyumba tena katika mji wetu, akifuta kijiti kwa leso yake ili mtoto wa watu asilewe. Nikasema twende.

Tulikwenda siku hiyohiyo alasiri. Mama alikishika kioo kwa vidole viwili.

"Hii kintu inajua kupita ulimi?"

"Tujaribu," akasema mwalimu. "Weka chupa tatu. Lakini mutoto haonji."

Palikuwa na mteja mmoja, mzee aliyekuwa dereva wa mashine mgodini, ameketi kwenye tofali akingoja chupa yake. Mama akamwita awe mwamuzi. Mzee akavua kofia, akapangusa midomo kama mtu anayekwenda kukomunika, jambo ambalo nilijifanya sikuliona. Akaonja ya kwanza, akaonja ya tatu, akarudi kwenye ya pili, akafikiri.

"Hii ya kwanza inaweza kuendesha camion, lori kubwa," akasema. "Ya tatu inaweza kuendesha kinga, baiskeli tu. Hii ya pili, mama aliongeza mayi."

"Bongo," akasema mama. Bongo ni uongo.

Mwalimu akatia kioo katika chupa ya kwanza, halafu ya tatu, halafu ya pili. Akasoma namba moja moja. Zilikuwa sawasawa na maneno ya mzee, hata ya pili. Mama akaficha uso kwenye kitenge chake, akacheka hadi mabega yakatikisika.

"Na bateja?" akauliza alipopumua. "Balizoea mutoto njo anaonja."

"Ile kazi nipe mi," akasema mzee. "Nitakuya kila siku. Ata siombi mushahara, nilishazoea."

Hapo hata mimi nilicheka. Msichana alikuwa amechukua kioo mikononi, anakigeuza kwenye mwanga, anasoma zile namba ndogo.

Ningependa kuandika kwamba siku iliyofuata aliapa. Zilikuwa zimebaki siku chache orodha ipelekwe, na kila asubuhi nilimtazama mlangoni. Aliniambia, "Ngoja, Madame. Nione kwanza kama naweza." Hiyo nayo ilinishangaza: kumbe mtu anaweza kujipima kabla ya kuahidi. Sikuwahi kufundisha hivyo. Alhamisi alikuja chumbani kwangu saa ya mapumziko, akafunga mlango.

"Nilimaliza siku mbili. Jana mi mwenyewe nilikunwa. Mama hakunituma. Kioo ilikuwa pale, na mi nilikunwa."

Hakulia. Alisema kama anayeleta zoezi ambalo hesabu yake haikutoka. Orodha ilikuwa inakwenda kesho.

Nilikwenda kwa prefe nikiwa na kadi zote za kiapo ndani ya bahasha. Nilimwambia kwamba kosa ni langu. Nilichukua kitu cha madhabahuni nikakiweka mlangoni mwa mtihani, na matokeo yake watoto wengi walisema uongo mbele ya Injili kwa sababu yangu. Nikamwomba aondoe sharti.

"Madame, wewe njo uliniomba kiapo."

"Ndiyo, tata prefe."

"Sasa unaniomba nikitoe."

"Ndiyo."

"Na mu nafasi yake tunaweka nini?"

"Ile saa moja ya mwalimu wa kemia. Batoto baulize. Mambo watakayosema isiandikwe, na asifukuzwe mutu juu ya ile atasema."

Alizungusha kalamu yake muda mrefu. Alikuwa mtu wa utaratibu na miaka ile utaratibu wote ulikuwa unamponyoka. Halafu akavuta orodha, akaandika jina la msichana chini kabisa, baada ya yule wa mwisho, nje ya mstari wa alfabeti. Akasema kama wakaguzi watauliza kwa nini limekaa hapo, atawaambia kwamba alilisahau.

Saa ile ya maswali tuliianza juma lililofuata. Mwalimu wa kemia aliongoza mara mbili. Kabla ya mara ya tatu treni ilikuja, mchana, bila taarifa, naye akapanda pamoja na mke wake na watoto na mashine ya kushona. Aliacha ufunguo wa maabara mezani kwangu. Wanafunzi walikwenda kituoni mbio, lakini waliofika waliona mabehewa ya mwisho yakikata kona tu. Nikaendelea mimi, mwenye maarifa madogo. Watoto waliuliza kama bangi inatia akili ya hesabu. Waliuliza kwa nini baba anayekunywa analia. Mmoja wa wale wavulana wawili aliuliza mtu aliyeapa na akavunja aanzie wapi, na darasa zima likanitazama, maana swali lilikuwa la wengi. Nilijibu kwamba sijui vizuri na kwamba tutafute pamoja. Sikuwa nimezoea kusema hivyo mbele ya ubao. Nilipoanza kusema hivyo, nao wakaanza kusema yao.

Msichana yule hakurudi kwenye kadi yangu. Alitengeneza kiapo chake mwenyewe, kwenye karatasi ya daftari: kwa Mungu, kwa siku saba tu. Juma likiisha aliandika kingine. Mara mbili juma lilivunjika katikati, akaniambia, akaanza upya Jumatatu. Nilitaka kumwuliza kama ahadi fupi namna hiyo ina heshima mbele za Mungu. Nikakumbuka kwamba mkate tunauomba wa leo.

Asubuhi ya mtihani niliwasindikiza. Mlangoni mwa chumba walikuwa wakipekua mifuko kutafuta makaratasi ya kunakili, na hakuna karatasi iliyoruhusiwa kuingia. Alipofika mbele akatoa ile yake ya juma lile, ikiwa imekunjwa ndogo, akatoka kwenye foleni, akanipa.

"Nishikie, Madame. Imebaki siku tatu."

Nikaitia ndani ya misale yangu, kitabu changu cha misa. Akarudi kwenye foleni, akaonyesha mikono mitupu, akaingia.